Begi la leba liko tayari

Khanga za kupokelea mtoto nilizitoa kabatini, zile kuukuu zilizolainika. Mpya za Kariakoo zina wanga, hazinyonyi maji hata kidogo. Hizo nitajifunga mwenyewe siku ya kutoka.

Glovu, pamba, mpira wa kulalia, wembe mpya na kibanio cha kitovu nimevifunga mfuko wao peke yao, juu kabisa, maana leba hakuna mtu wa kuanza kupekua begi. Kadi ya kliniki iko pembeni.

Wifi kaleta sweta mbili za sufu. “Wifi, mtoto asipigwe baridi!” Baridi ipi, Mbagala mwezi wa pili? Nimeshukuru, nikaweka moja.

Baba mtoto kazi yake chupa ya chai na namba ya bajaji wa usiku.