Sandwichi ya Pastrami, Mtaa wa Houston

Jana mchana, baada ya kuzunguka Lower East Side hapa New York huku njaa ikiniuma, niliingia Katz's, duka lililopo tangu 1888, ambako mlangoni unakabidhiwa tiketi ya kuandikiwa bili, na ole wako uipoteze. Mkataji alinionjesha kwanza kipande kimoja cha pastrami: nyama ya ng'ombe iliyokolezwa chumvi na viungo, ikafukizwa kwa moshi, kisha ikapikwa kwa mvuke hadi ikalainika, ukingo wake ukiwa mweusi kwa pilipili manga na giligilani. Akaikata kwa kisu, si kwa mashine, akaibana ndani ya mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano) uliopakwa haradali. Bei inauma, sikatai, lakini nusu ya sandwichi niliifungasha nikaila usiku.