Cwtsh yao na kochi letu

Wiki yangu ya kwanza Rhondda, kusini mwa Wales, bibi ninayemhudumia nyumbani kwake aliniambia niirudishe mashine ya kufyonza vumbi kwenye cwtsh. Nikabaki nimesimama. Akaninyooshea kidole: kistoo cha chini ya ngazi. Haya. Jioni naaga, mvua kama kawaida ya huku, bibi akatanua mikono: "Njoo bach, nipe cwtsh." (Bach ni "mdogo", ndivyo wanavyomwita mtu kwa upendo.) Mimi nikageuka kutazama stoo.

Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe anataka nimkumbatie.

Ukiliona limeandikwa utadhani mtu kasahau irabu. Lakini kwa Kiwelshi w ni irabu, husomwa kama u yetu, basi sema "kuch". Ni neno la watu wa kusini hasa. Ile stoo ni cwtsh dan stâr. Kuna na cwtsh glo, kijumba cha kuwekea makaa ya mawe, maana mabonde haya yaliishi kwa makaa. Mchimbaji alipewa mgao wake, gari linayamwaga mbele ya mlango, halafu wa nyumbani ndio wayabebe ndoo kwa ndoo hadi kwenye cwtsh. Maerdy, mgodi wa mwisho wa Rhondda, ulifungwa mwaka 1990. Kijumba cha bibi sasa kina vyungu vya maua.

Vikombe vya kuuzia watalii hudai neno hili halitafsiriki. Mimi sikubali. "Kukumbatia" kweli halitoshi, kwa sababu hata mwanasiasa hukumbatia. Ila sisi tuna kupakata. Mtoto aliyepakatwa ana mahali pake pa kujificha, na hapo ndipo stoo na mikono ya bibi vinapokutana.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukoo wake. Kilatini kilikuwa na collocare, kuweka mahali. Wafaransa wakapata coucher, kulaza. Waingereza wakachukua couch, na kutoka kwao Wawelshi wakapata cwtsh. Sisi nasi tukabeba couch hiyohiyo: kochi! Lile la sebuleni, lenye vitambaa vya kufuma vya mama, ambalo watoto hatukulikalia mpaka aje mgeni.

Nilimsimulia bibi. Akalirudia neno mara tatu, akilionja kama pipi. Siku hizi nikifungua mlango tu, hata koti sijavua: "Kochi, bach. Kochi."