Kazi, masomo na insulini kwenye joto la Mtwara

Mtu mzima anayesoma huku ameajiriwa hupunguza usingizi kwanza, kisha chakula. Mwenye kisukari anayechoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole kwenye chupa moja) asubuhi na jioni hawezi kupunguza chakula. Ukichoma saa 12:30 asubuhi, dawa hupata nguvu zaidi kati ya saa 2:30 na saa 8:30 mchana. Msimu wa korosho, kwenye mizani ghalani, mlo husogea mpaka saa tisa, na sukari inashuka kabla ya foleni kwisha. Beba muhogo wa kuchemsha, ule saa nne, na umwambie msimamizi mapema kwamba saa saba lazima ukae ule.

Ukitetemeka na kutoka jasho la baridi, pima sukari ya damu. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, visivyo na kilima, kwenye maji, unywe. Nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300 inafaa pia. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Korosho usiitegemee hapa, kwani mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na hata namba ikirudi sawa, akili hukawia: kitabu kiache kwa dakika 45 hivi.

Chupa ya insulini iliyofunguliwa hukaa wiki 4, joto lisizidi nyuzi 30. Usiiache kwenye boksi la pikipiki. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ila pwani yetu ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole na mtungi haupoi sana. Uweke kivulini penye upepo, dawa ikiwa ndani ya kopo kavu. Iliyoganda, tupa.

Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari ni lazima, hivyo tunza nakala.

Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Wiki kadhaa kabla ya mtihani peleka barua pamoja na cheti, ukiomba kwa maandishi kuingia na mashine ya kupimia damu pamoja na sukari ya kunywa.

Herufi zikianza kufifia, usikimbilie miwani. Sukari iliyopanda huvimbisha lenzi ya jicho. Ikishatulia kwa wiki kadhaa ndipo ukapime macho.