Hisa mia tatu za baba

Siku ya arobaini ya baba, baada ya hitima kusomwa na wageni kutawanyika kutoka nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora, baba mdogo alitamka jambo ambalo sote tulikuwa tukiliwaza kimoyomoyo: kwa kuwa marehemu alikuwa na hisa 300 kati ya 1,000 za kampuni, na kampuni ina malori matatu, basi lori moja ni letu na lifuatwe kesho yake asubuhi. Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe, niliyekuja kuteuliwa msimamizi wa mirathi baadaye, nilikuwa nimekwisha kulichagua lile Fuso jipya.

Lori halikuwa letu, na halikuwahi kuwa la baba. Wakili tuliyemwendea alituuliza swali moja tu: kadi ya gari imeandikwa jina la nani? Imeandikwa jina la kampuni, na kampuni mbele ya sheria ni mtu anayejitegemea, mwenye mali yake na madeni yake. Hisa humpa mwenye nayo kura katika mkutano mkuu, gawio, yaani fungu la faida, pale linapotangazwa, na sehemu ya kitakachobaki endapo kampuni itavunjwa na wadai wakalipwa. Haimpi hata tairi moja.

Akatusimulia kesi ya Bwana Macaura wa Ireland, nami nimeipenda kwa sababu inahusu mbao, na mbao ndizo zinazobebwa na malori yale. Macaura aliiuzia kampuni miti yote ya shamba lake, iliyokwisha kukatwa na iliyokuwa bado imesimama, akalipwa kwa hisa, kiasi kwamba kampuni nzima ikawa kama yake peke yake. Bima ya moto, hata hivyo, aliikata kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 mbao ziliteketea karibu zote, na mwaka 1925 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba hastahili kulipwa, kwa kuwa mbao zilikuwa za kampuni na mwanahisa, hata awe na hisa zote, hana umiliki wa mali ya kampuni. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba Wazungu ni watu wagumu.

Jambo la pili lilituchelewesha zaidi kuliko la lori. Katika sanduku la bati la baba tulikuta cheti cha hisa 200, na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, yenye saini mbili na ushahidi wa balozi wa nyumba kumi, ikieleza kwamba baba amenunua hisa 100 za mwenzake aliyekuwa anahamia Kigoma. Fedha ililipwa. Kwa miaka tisa baba alihudhuria mikutano akijihesabu kuwa na hisa 300, na wenzake wakamhesabu hivyo hivyo. Daftari la wanahisa, yaani orodha rasmi inayotunzwa na kampuni, lakini, lilisema 200, na zile 100 bado zilisomeka kwa jina la mzee wa Kigoma.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na sisemi hivi kwa kuwacheka watu wa mikoani, maana nasikia ni yale yale hata Dar es Salaam. Tumezoea kwamba ng'ombe akilipiwa na kuswagwa, ameshakuwa wa mnunuzi. Hisa haiswagwi. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 2006, kampuni hairuhusiwi kuandikisha uhamisho mpaka ipokee hati rasmi ya uhamisho, na mtu huwa mwanahisa pale jina lake linapoingizwa katika daftari. Ile karatasi haikuwa bure kabisa, kwa sababu ilithibitisha kwamba muuzaji alikuwa anashikilia hisa ambazo faida yake ni ya mwingine. Lakini kama mzee yule angekuwa amefariki, au angetugeuka, tungelazimika kwenda mahakamani kuomba daftari lirekebishwe.

Nilipanda treni hadi Kigoma, nikamkuta Ujiji. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akasema, "Mwanangu, baba yako alinilipa yote, hata nauli alinipa." Alitia saini hati ya uhamisho mbele ya wakili siku ile ile. Nilirudi nikiwa nimefurahi kupita kiasi, kwani kazi ilikuwa bado. Hati ya uhamisho hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia moja, na isipolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Ofisi ya kodi iliomba hesabu za kampuni zilizokaguliwa ili kuona kama muuzaji alipata faida, kwa maana faida ya mkazi anayeuza hisa za kampuni binafsi hutozwa asilimia kumi. Kisha katiba ya kampuni yenyewe iliweka sharti kwamba hisa zikiuzwa ziuzwe kwanza kwa wanahisa waliopo kabla ya mtu wa nje. Kwa bahati baba alikuwa mwanahisa, lakini wenzake walikuwa na haki ya kudai kwamba nao wangepewa nafasi ya kununua kwa uwiano. Mmoja alianza kulisema hilo kikaoni, wa pili akamtazama, akanyamaza.

Hisa zilizoachwa na marehemu hazihitaji kuuzwa ili zihame. Huhama kwa nguvu ya sheria. Fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo iliyonithibitisha kuwa msimamizi ndiyo niliyoipeleka kwa katibu wa kampuni. Nilidhani kuanzia siku ile ningepiga kura kwa niaba ya familia. Katiba yetu, kama zilivyo katiba nyingi, inamruhusu msimamizi kupokea gawio lakini haimpi kura mpaka jina lake, au la mrithi, liandikwe daftarini. Katika muda huo kampuni iliamua kukopa benki, nasi tukawa wasikilizaji.

Mgawanyo tuliufanya kwa sheria ya Kiislamu. Mama alistahili thumni, yaani moja ya nane, na kilichobaki kikagawanywa mafungu saba, kwa kuwa sisi ni watoto wa kike watatu na wa kiume wawili, na mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili. Hisabati ikatoka vizuri mno: kaka zangu 75 kila mmoja, na mama pamoja na sisi mabinti 37 na nusu kila mmoja. Nusu ya hisa haiandikiki katika daftari letu. Shehe alisema mgawanyo ni sahihi, katibu wa kampuni alisema fomu haikubali, na wote wawili walikuwa na haki. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba mama na mdogo wetu wa mwisho wachukue 38, nami na dada yangu 37. Mabadiliko yakapelekwa kwa mtandao BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kila mmoja akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na ya mlipakodi.

Sasa kaka yangu mkubwa anataka kuuza 75 zake kwa mfanyabiashara mmoja wa Urambo aliyemwahidi bei nzuri. Nimemsomea kifungu cha katiba kuhusu wanahisa waliopo, na barua ya kuwapa nafasi ya kwanza imekwenda. Nami ni mmoja wa waliopelekewa, na nimeanza kuulizia bei ya hisa moja.