Kumbukumbu ya mradi: kalipa za pistoni nne mbele, na kwa nini diski ya nyuma imeishia mm 280

Gari la mradi lina injini mbele, uzito wa kilo 1,200 likiwa na dereva, na halina ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisikwame wakati wa breki. Likisimama, asilimia 60 ya uzito iko mbele. Breki lililotoka nazo kiwandani: mbele kalipa (kifaa ambacho pistoni zake hubana pedi kwenye diski) ya kuteleza yenye pistoni moja ya mm 54 na diski ya mm 256, nyuma pistoni ya mm 34 na diski ya mm 260. Mbele inaingia kalipa isiyoteleza ya pistoni nne, yaani mm 36 na mm 40 kila upande, na diski ya mm 300.

Kufunga kalipa kubwa mbele ni kazi ya siku moja. Kinachochukua muda ni kujua nyuma ifanywe nini.

Hesabu ya kwanza

Kwenye kalipa isiyoteleza huhesabiwa pistoni za upande mmoja tu. Ile ya kuteleza ina pistoni upande mmoja, lakini mwili wake unaivuta pedi ya pili kwa nguvu ileile, kwa hiyo ukihesabu pistoni zote nne utadhani umepata breki mara mbili. Pistoni ya mm 54 ina eneo la sm² 22.90. Mm 36 na mm 40 kwa pamoja ni sm² 22.75. Hakuna tofauti ya maana. Faida yote ya mbele inatoka kwenye diski. Kutoka katikati ya habu hadi katikati ya pedi kulikuwa na mm 104, sasa ni mm 126. Kwa presha ileile, mbele inapata nguvu zaidi kwa asilimia 20.

Hofu kwamba pistoni nne zitameza mafuta mengi na pedali itazama haina msingi hapa. Pedi zikiwa mbali na diski kwa mm 0.1 kila upande, pistoni moja ya kuteleza lazima isogee mm 0.2, ilhali kila moja ya zile nne husogea mm 0.1 tu. Mafuta yanayohitajika ni karibu sawa, takriban sm³ 0.46 kwa gurudumu. Masta silinda, yaani ile inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa, imebaki ileile.

Zidisha eneo la pistoni kwa umbali hadi katikati ya pedi, mbele na nyuma, kisha linganisha. Kiwandani mbele ilikuwa na asilimia 70.5 ya breki. Ukibadilisha mbele peke yake inakuwa 74.2. Gari halitayumba, ila tairi za mbele zitafunga (zitaacha kuzunguka) mapema huku za nyuma zikiwa hazijafanya kazi yao, na sehemu ya pesa ya diski kubwa itakuwa imepotea.

Nyuma: mm 290 ilikataliwa

Kwa hesabu hiyo pekee, diski ya nyuma ya mm 290 ndiyo inayorudisha uwiano karibu na wa kiwandani: asilimia 71.6. Wengi huishia hapo. Tatizo ni vali ya kugawa presha, ile inayopunguza presha inayokwenda nyuma.

Geji mbili za presha zilifungwa kwenye nipeli za kutolea upepo (hewa iliyonaswa kwenye mafuta), moja mbele, moja nyuma. Hadi bar 30 zilisoma sawa. Baada ya hapo, kila bar 10 za mbele ziliongeza bar 3 tu nyuma: mbele 50, nyuma 36. Vali hiyo haijui gari linapunguza kasi kiasi gani. Inajua presha tu. Kwa breki za zamani, pedi za msuguano wa 0.4 na tairi la nusu kipenyo mm 300, bar 30 zilikuwa na maana ya kupunguza kasi kwa 0.46 g (1 g ni sawa na nguvu ya mvutano wa dunia). Breki zikiongezeka nguvu mbele na nyuma, bar 30 zilezile zinafikia karibu 0.54 g. Vali inachelewa kuibana nyuma, na wakati huo uzito mwingi zaidi umeshahamia mbele.

Ekseli ziko mita 2.5 kutoka moja hadi nyingine na kitovu cha uzito kiko mita 0.5 juu ya barabara, hivyo kila 0.1 g inahamisha kilo 24 kwenda mbele. Kwa 0.54 g mbele inabeba asilimia 70.9. Diski ya mm 290 inaipa breki ya mbele 71.6, pengo la 0.7 tu. Kiwandani pengo kwenye bar 30 lilikuwa 1.3. Pedi za nyuma zikipata joto zikashika kidogo zaidi, au buti likiwa tupu, pengo hilo limekwisha: nyuma inafunga kwanza na mkia unazunguka.

Wazo la kuweka pia pistoni ya nyuma ya mm 36 na diski ya mm 290 ni baya kabisa. Uwiano unashuka hadi 69.3, na nyuma inazidiwa kabla hata vali haijaanza kubana.

Diski ya mm 280 inatoa 72.5. Pengo kwenye bar 30 ni 1.7, na kwenye bar 50 ni 2.0. Kwangu hiyo ndiyo ya kufunga. Kosa dogo la kuelemea mbele linavumilika; la kuelemea nyuma halivumiliki.

Pedi nazo zilinganishwe kabla ya kununua. Herufi mbili zilizopigwa ukingoni zinaonyesha msuguano, ya kwanza katika joto la kawaida, ya pili katika joto kali: E ni 0.25 hadi 0.35, F 0.35 hadi 0.45, G 0.45 hadi 0.55. Ukiweka FF mbele na GG nyuma, hesabu yote ya juu inafutika. Hapa ni FF pande zote.

Kufunga

Braketi ya nyuma inaisogeza kalipa nje mm 10. Habu ilisuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, kwa sababu chembe ya kutu chini ya diski hugeuka mtikisiko wa usukani. Diski ilikazwa kwa nati zote, kisha geji ya mshale ikawekwa mm 10 kutoka ukingoni. Kikomo cha diski kuyumba ni mm 0.05. Upande mmoja wa mbele ulisoma 0.09, diski ilipozungushwa tundu moja la bolti ikashuka hadi 0.04.

Kalipa isiyoteleza lazima ikae katikati ya diski. Pima pengo la kila upande, weka washa nyembamba kwenye braketi hadi tofauti isizidi mm 0.3. Kati ya kalipa na rimu acha angalau mm 3, na kumbuka vipande vya risasi vya kusawazisha tairi: vikibandikwa ndani ya rimu, hilo pengo ndilo vinalokula.

Pistoni ndogo ikae upande ambao diski inaingilia kwenye pedi, kubwa upande inakotokea. Ukigeuza, pedi italika kwa mshazari. Nipeli ya kutolea upepo iwe juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia inaingia vizuri kabisa, ila nipeli inaangalia chini, na hakuna kiasi cha kukanyaga pedali kitakachoitoa hewa iliyonaswa juu.

Pistoni ya nyuma ina skrubu ya breki ya mkono ndani yake. Irudishwe kwa kuzungushwa. Ukiibana kwa klempu unaivunja. Washa za shaba za hosi ni mpya, zile za zamani hazirudi. Usukani ugeuzwe hadi mwisho, kushoto na kulia, gurudumu likining'inia na likiwa limebanwa juu, ukitazama hosi isiguse kitu.

Upepo na majaribio

Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 4, mapya: yanachemka kwa nyuzi 230, na 155 yakishanyonya maji. Upepo ulitolewa kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kalipa za mbele zina nipeli mbili kila moja. Ya ndani kwanza, kisha ya nje. Pedali ilibaki laini hadi kalipa zilipogongwa kwa nyundo ya mpira, viputo vikapanda.

Pedi zilizoeshwa kwa kupunguza kasi mara kumi kutoka km 60 hadi km 15 kwa saa bila kusimama, kisha kuendesha dakika 15 bila kugusa breki. Majaribio ya kufunga tairi yalifanyika kwenye uwanja uliofungwa, kavu kisha umelowa, na kamera ikitazama tairi za upande mmoja. Pote mbele ilifunga kwanza.

Bado: kebo ya breki ya mkono imelegea kwa sababu ya braketi mpya, na pedi za mbele zitapimwa kwa kalipa ya vipimo ncha zote mbili baada ya km 500, kuona kama zinalika sawasawa.