Koti la mwezi wa pili

Moshi, Jumapili jioni.

Stendi, mwezi wa pili, jua linachoma, na mtu amevaa makoti matatu. Makonda hawasubiri daktari: "Huyo chizi." Mwezi wa saba baridi ikishuka na mlima ukijificha, kila mtu ana koti la mtumba kutoka soko la Memorial. Mtu huyohuyo angepita na hakuna ambaye angegeuka.

Mji unapima kichaa kwa nguo, uchafu na kelele. Kliniki inaanzia kwingine: je, amebadilika na alivyokuwa? Tangu lini? Analala? Anaoga, anakula, kazi zake anazifanya? Anasikia sauti mahali pasipo na mtu, na zinamwamuru nini? Kuamini umerogwa peke yake si dalili, kama ukoo mzima unaamini hivyo. Ila ndugu walewale wanaoogopa uchawi wakisema "hili la kwake hata sisi hatulielewi," hapo kalamu inaandika. Muda nao una uzito. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, dalili za skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushikilia imani zisizo za kweli, ziwepo mwezi mmoja au zaidi. Za sonona, wiki mbili, karibu kila siku.

Aliyeanza kuweweseka jana usiku habari yake ni nyingine kabisa. Asubuhi anakutambua, jioni hakujui, hajui hata leo ni siku gani. Huyo apimwe malaria na sukari kwanza, na homa ya uti wa mgongo isisahauliwe. Mnywaji wa kila siku aliyekatishwa gongo ghafla anaweza kuanza kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu, huku anatetemeka na kutoka jasho. Anaweza kufa. Kumpeleka kwenye maombi kabla ya hospitali ni kupoteza saa ambazo hana.

Kuna kosa lingine la nyumbani. Mgonjwa kaanzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, siku chache baadaye shingo inapinda, macho yanageukia juu. Familia inasema mapepo yamekataa dawa, vidonge vinatupwa chooni. Kumbe ni dawa yenyewe imekaza misuli, na dawa nyingine, benzhexol, huilegeza. Wangeambiwa mapema wasingeogopa.

Sheria nayo ina swali lake. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Cha 13 kinaangalia wakati wa tendo tu: ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asijue hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia? Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na faili la miaka ishirini hospitali ya akili ya Mirembe na bado akajibu kesi yake kama wewe.

Lakini tusiwacheke makonda sana. Mwaka 1851 huko Marekani, daktari Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina: drapetomania. Huyo naye alikuwa anapima koti, tena la kushonwa na bwana mwenye shamba.

Na yupo anayevipita vipimo vyote vya stendi. Kitenge kimepigwa pasi, mafungu ya ndizi yamepangwa sawasawa, wiki ya tatu hii usingizi unamkatika saa tisa usiku na chakula hakishuki. Shikamoo anaitikia vizuri. Wanamwita mama mpole.