Viatu vya Kemmerich

Leo nimechoka kweli ila acha niandike kabla sijasahau. Wiki mbili nzima nimekuwa nabishana na darasa la vijana wa miaka 15 ambao ukitaja tu neno riwaya, vichwa vinalala kwenye madawati. Na kosa lilikuwa langu, nilianza na Sarajevo 1914, mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nani kamuua nani, nani aliungana na nani, mishale ubaoni kila upande, mpaka mwenyewe nikawa napiga miayo.

Jumatatu nikaachana na mishale. Nikachukua riwaya ya Erich Maria Remarque kuhusu askari wa Kijerumani katika vita hivyo, All Quiet on the Western Front, ile ya 1929, nikawasomea kipande kimoja tu cha hospitali. Askari Kemmerich kalala, mguu umeshakatwa na hajui, halafu mwenzake Müller aliyekuja kumwona macho yote yako kwenye viatu vya mgonjwa, vya Kiingereza, ngozi laini ya njano, vinafika mpaka magotini. Anaviomba hivyohivyo! Paul, anayesimulia hadithi, anamkanyaga ili anyamaze. Hapo nikafunga kitabu.

Wee, kelele zake. Binti mmoja anasema Müller ana roho mbaya, mwenzake anamrukia, sasa mtu wa mguu mmoja viatu viwili vya nini, na mwingine anauliza mbona hakusubiri afe kwanza, yaani wanagombana kabisa kuhusu watu ambao dakika tano kabla hawakuwajua. Maswali yangu 10 ya ufahamu bado yako kwenye mkoba, na yakae hukohuko.

Jumatano nikawapa shairi la Wilfred Owen, askari mshairi wa Kiingereza wa vita hivyohivyo, halikuwashika sana, ila nilipotaja kwamba aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 na vita vikaisha tarehe 11, mmoja akahesabu kwa vidole, saba, akarudia tena kuhesabu.

Halafu leo. Kuna kijana wa dawati la mwisho, huyu huwa anarudisha vitabu vikiwa vipya kuliko alivyovichukua. Kanifuata mlangoni, kidole kimebana ukurasa, zimebaki kurasa chache tu.

"Mwalimu, Müller kafa. Viatu kavichukua Paul."

Nikamwambia si umalizie, zimebaki kidogo.

"Hapana," akasema, "nimeshaona vinakoelekea." Akakitia kwenye begi akaondoka nacho.